Nyaraka za Freedmen's Bureau Mtandaoni: Tathmini ya Huduma ya Bure

Huduma ninayoitathmini hapa ni mkusanyo wa nyaraka za Freedmen's Bureau uliowekwa mtandaoni, ambao mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuusoma bila kulipa chochote. Freedmen's Bureau, ambayo kuanzia hapa nitaiita Idara, iliundwa na Bunge la Marekani tarehe 3 Machi 1865, wiki chache kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kumalizika, ili kuwahudumia watu wapatao milioni nne waliokuwa wakitoka utumwani katika majimbo ya Kusini. Ilisimamia mikataba ya kazi, ilisajili ndoa, ilisaidia kufungua shule na hospitali, iligawa chakula, ilipokea malalamiko, na karibu kila ilichofanya ilikiandika. Karatasi hizo zimebaki. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine ambapo msomaji wa kawaida, asiye na nauli ya kwenda Washington wala barua ya utambulisho kutoka chuo kikuu, anaweza kuwasikia kwa ukaribu namna hii watu hao wakidai haki zao wakati uhuru wao ulikuwa bado mchanga.

Karatasi zenyewe ni mali ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani. Kwa muda mrefu walionufaika nazo walikuwa watafiti wachache waliojua kupekua makabrasha ya kijeshi, maana Idara ilikuwa chini ya Wizara ya Vita na ilipanga nyaraka zake kijeshi: barua zilizoingia, barua zilizotoka, amri, ripoti. Mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria ya kuzihifadhi kwa kuzipiga picha katika maikrofilamu. Kisha tarehe 19 Juni 2015, siku iliyotimiza miaka 150 tangu watumwa wa Texas watangaziwe uhuru wao, shirika la FamilySearch na washirika wake walitangaza mradi wa kutengeneza faharasa ya majina yaliyomo. Watu wa kujitolea zaidi ya 25,000 waliisoma miandiko ile na kunakili majina karibu milioni 1.8, na kazi ikakamilika mwaka uliofuata. Mmoja wa washirika hao alikuwa Jumba la Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi la taasisi ya Smithsonian, lililofunguliwa Washington mwezi Septemba 2016, ambalo nalo liliweka ukurasa wake wa kutafutia unaounganisha faharasa hiyo na maandishi kamili yanayonakiliwa na watu wa kujitolea.

Kwa hiyo msomaji ana milango miwili. FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, inakutaka ufungue akaunti, lakini akaunti hiyo haina malipo. Nguvu yake ni majina, na anayetafuta ukoo wake aanzie huko. Ukurasa wa Smithsonian unamfaa zaidi asiyemtafuta mtu fulani, kwa sababu unaweza kutafuta kwa mahali au kwa neno ukafika kwenye barua nzima, badala ya jina lililotengwa na habari yake. Mimi si wa ukoo wa watu hao. Niliingia kwa kiu ya historia, na ndiyo maana tathmini yangu inaegemea mlango wa pili. Hata hivyo ni haki kusema kwamba kwa Wamarekani Weusi wenyewe mlango wa kwanza una thamani isiyopimika. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wengi wao kwa majina yao. Zile za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana aliyewamiliki. Nyaraka za Idara zinaziba sehemu ya pengo hilo, na kwa kuwa mara nyingi zinamtaja bwana wa zamani, zinamwonyesha mtafutaji pa kuelekea ili arudi nyuma zaidi.

Nianze na ushauri mmoja ambao umenifaa kuliko mwingine wowote: usiishie kwenye uso wa barua, tazama na mgongo wake. Barua za wakati ule zilikunjwa, na kila ofisi iliyoipokea barua iliandika nyuma yake tarehe, muhtasari na maelekezo, kisha ikaipeleka mbele. Chukulia mwanamke anayefika kwenye ofisi ya wilaya kueleza kwamba mwajiri amemfukuza mara baada ya mavuno bila kumlipa. Ofisa anaandika maelezo yake, barua inapanda kwa mkuu wa eneo, inapanda kwa kamishna msaidizi wa jimbo, inarudishwa chini ili suala lichunguzwe, kisha inapanda tena. Kwenye picha ya mgongo huo unakuta miandiko ya watu kadhaa, mmoja umelala, mwingine umesimama, mmoja nadhifu, mwingine wa haraka haraka, na kwa kufuata tarehe unajua dai la mshahara wa msimu mmoja lilizungushwa kwa muda gani. Mara nyingine mwisho wake ni amri ya kulipa. Mara nyingi mno mwisho wake ni maelezo kwamba hakuna askari wa kutekeleza amri, au kwamba suala hilo sasa ni la mahakama ya kiraia, yaani mahakama ambayo hakimu wake na wazee wake wa baraza ni majirani wa mwajiri huyohuyo.

Hapo ndipo mkusanyo huu ulipobadilisha uelewa wangu. Tumezoea kuanza hesabu ya harakati za haki za raia katika miaka ya 1950, mahali fulani kati ya Rosa Parks na Martin Luther King, na kuichukulia miaka iliyotangulia kama usiku mrefu ambao watu waliupitia kimya. Nyaraka hizi zinaonyesha kinyume. Madai yalikuwa wazi tangu siku za kwanza, yakasemwa kwa ufasaha, yakapelekwa kwenye ofisi zilizohusika, tena na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kilichokosekana ni dola iliyokuwa tayari kuyasimamia.

Waraka ninaomshauri kila mtu auanze ni barua ya watu wa kisiwa cha Edisto, Carolina ya Kusini, ya mwezi Oktoba 1865. Mwanzoni mwa mwaka huo Jenerali William Sherman alikuwa ametoa Amri Namba 15, iliyotenga visiwa na ukanda wa pwani kuanzia Charleston kuelekea kusini kwa ajili ya familia za watu walioachwa huru, kila familia isizidi ekari 40 za ardhi inayolimika. Kufikia katikati ya mwaka watu wapatao 40,000 walikuwa wamekwisha kupiga kambi, kujenga na kupanda. Lakini Rais Andrew Johnson, aliyeshika madaraka baada ya Lincoln kuuawa mwezi Aprili, aliwasamehe kwa wingi waasi wa Kusini waliopigana na serikali na kuagiza warudishiwe ardhi yao. Mkuu wa Idara, Jenerali Oliver Otis Howard, ndiye aliyetumwa Edisto kuwaambia watu wapatane na mabwana wao wa zamani. Walichagua kamati ya watu watatu, Henry Bram, Ishmael Moultrie na Yates Sampson, nayo ikamjibu kwa maandishi.

Sijasoma barua nyingi za kisiasa zenye uzito kama ile. Haina matusi wala unyenyekevu wa kubembeleza. Inamwambia Howard kwamba serikali iliyowafanya wawe marafiki zake sasa inawaacha mikononi mwa maadui zao, na kwamba mtu asiye na ardhi yake hawezi kuitwa huru kweli, maana atabaki chini ya amri ya yule mwenye ardhi. Kuhusu ombi la kusamehe, wanamkumbusha kwamba yeye alipoteza mkono wake wa kulia vitani na labda anaweza kusamehe. Lakini yule aliyenifunga kwenye mti na kunichapa viboko 39, anasema mwandishi, akamvua nguo mama yangu na dada yangu na kuwachapa, na ambaye leo haniruhusu kukaa katika kibanda chake kitupu nisipokubali kumlimia kwa bei anayoitaka yeye, na anashirikiana na wenzake kuninyima ardhi akijua kwamba ningekuwa na ardhi yangu nisingekuwa na shughuli naye, mtu huyo siwezi kumsamehe vizuri. Mantiki yote ya kile kilichofuata kwa miaka mia moja imo katika sentensi hiyo: ardhi, kazi, kipigo na ushirikiano wa wenye mali. Waliandika pia kwa Rais, wakiomba haki ya kununua au kukodi hata ekari chache. Sehemu kubwa ya ardhi ilirudishwa kwa wenyewe wa zamani. Anayetaka kuisoma barua hiyo bila kupambana na mwandiko ataikuta imechapwa, pamoja na nyaraka nyingine nyingi zilizochaguliwa kwa umakini, kwenye tovuti ya mradi wa Chuo Kikuu cha Maryland unaohusu watu walioachwa huru, ambayo nayo haina malipo na ni mwenzi mwema wa huduma hii.

Mikataba ya kazi ni mingi sana, na inachosha upesi usipojua cha kutazama. Mkataba wa kawaida wa mwaka 1866 au 1867 unaanza na jina la mwenye shamba, kisha majina ya wafanyakazi, mara nyingi kaya nzima na umri wa kila mmoja, kisha masharti: kufanya kazi tangu Januari hadi Desemba, kulipwa fedha kidogo kwa mwezi au kupewa sehemu ya mavuno, mara nyingi theluthi au robo, kukatwa malipo kwa kila siku ya kutofika shambani, na kuwa watiifu na wenye adabu. Chini kuna sahihi ya mwenye shamba, iliyovutwa kwa madaha, na kando ya majina ya wafanyakazi alama za X, moja baada ya nyingine, nyingine zimeinama na nyingine zimekandamizwa kwa nguvu. Ukisoma mkataba mmoja unaona karatasi ya ajira. Ukisoma mingi ya eneo moja ndipo unapoanza kuuona mvutano. Hapa wafanyakazi wamepata nusu siku ya Jumamosi, pale wamepata kipande cha bustani na ruhusa ya kufuga, na mahali pengine mke hayumo katika orodha ya watu wa shambani kwa sababu familia imeamua kwamba hatarudi tena kulima pamba chini ya msimamizi.

Ili kuielewa mikataba hiyo lazima kuisoma sambamba na sheria zilizokuwa zikitungwa na mabunge ya Kusini wakati uleule. Sheria za Mississippi za Novemba 1865 zilimtaka kila mtu mweusi awe na uthibitisho wa maandishi wa kazi au makazi kila mwezi Januari. Aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alipoteza mshahara wote aliokwisha kuufanyia kazi, na mtu yeyote aliruhusiwa kumkamata na kumrudisha kwa malipo ya dola 5 pamoja na senti 10 kwa kila maili. Asiye na kazi alishtakiwa kwa uzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kulipa akakodishwa kwa atakayemlipia. Unapojua hivyo, alama ya X chini ya mkataba unaisoma kwa jicho jingine, maana mtu aliyekataa kuiweka alikuwa anaikaribisha jela. Ni sheria kama hizo zilizolifanya Bunge la Washington kupitisha Sheria ya Haki za Raia mwezi Aprili 1866 juu ya pingamizi la Rais Johnson, na baadaye Marekebisho ya 14 ya Katiba yaliyothibitishwa mwaka 1868. Idara ilikuwa mojawapo ya njia ambazo habari za sheria hizo na athari zake ziliwafikia wabunge.

Sehemu iliyoniuma zaidi ni malalamiko ya wazazi wa Maryland. Jimbo hilo halikujitenga na Muungano, kwa hiyo Tangazo la Ukombozi la 1863 halikuligusa; utumwa ulifutwa humo na katiba mpya ya jimbo, tarehe 1 Novemba 1864. Siku zilezile za kwanza mabwana wa zamani walianza kuwakusanya watoto na kuwafikisha kwenye mahakama za mayatima, ingawa wazazi wao walikuwa hai na wengine walikuwa wamesimama nje wakipinga, na mahakama hizo zikawakabidhi watoto kwa mabwana haohao kwa mikataba ya uanagenzi, wavulana hadi watimize miaka 21 na wasichana hadi 18. Watoto waliofungwa hivyo walikuwa maelfu. Katika nyaraka za Idara akina mama na akina baba wanaeleza, ofisi baada ya ofisi, kwamba wana nyumba, wana kazi, wanaweza kulisha watoto wao, na wanawataka. Msichana mmoja, Elizabeth Turner, aliyefungwa uanagenzi siku chache baada ya uhuru, suala lake lilifika mbele ya Jaji Mkuu wa Marekani Salmon Chase, ambaye mwezi Oktoba 1867 aliamua kwamba mkataba ule ulikuwa utumwa uliokatazwa na Marekebisho ya 13, na kwamba ulivunja Sheria ya Haki za Raia kwa sababu haukumpa mtoto mweusi mafunzo ambayo sheria ilimhakikishia mwanagenzi mzungu, ikiwemo kufundishwa kusoma na kuandika. Katika vitabu vingi vya historia hukumu hiyo hupewa mstari mmoja. Ukiyasoma malalamiko ya wazazi kwanza, unatambua kwamba nyuma ya mstari huo walikuwepo watu waliotembea maili nyingi kwenda kubisha hodi kwenye ofisi moja tena na tena.

Ripoti za shule nitazipitia kwa kifupi, ingawa ndizo zinazotia moyo kuliko zote. Fomu ya mwezi iliuliza, pamoja na idadi ya wanafunzi na wanaojua kusoma, ni shule ngapi zinagharamiwa na watu walioachwa huru wenyewe, majengo mangapi ni mali yao, na wazungu wa eneo hilo wana mtazamo gani juu ya elimu ya watu weusi. Majibu ya maswali hayo, yakipangwa kwa mwaka, yanavunja kabisa dhana kwamba elimu hiyo ilikuwa zawadi ya wafadhili wa Kaskazini peke yao. Daftari za ndoa za Mississippi nazo, kutoka Vicksburg, Natchez na Davis Bend, ziliwauliza maharusi walikwisha kuishi na nani hapo awali, kwa miaka mingapi, na walitenganishwa na nini. Chini ya swali hilo la mwisho, mauzo yanakaa pamoja na kifo kama sababu ya kawaida.

Kando ya nyaraka za Idara, FamilySearch ina daftari za Freedman's Savings Bank, benki iliyopewa hati siku ileile ya 3 Machi 1865. Mwenye kufungua akaunti aliulizwa alizaliwa wapi, alilelewa wapi, bwana wake wa zamani nani, wazazi, ndugu na watoto wake wako wapi, na majibu ya baadhi yao ni orodha ya watu waliouzwa mbali na hawajulikani walipo. Benki hiyo ilianguka mwezi Juni 1874, ikiwaacha wateja wapatao 61,000 na hasara ya karibu dola milioni 3, licha ya Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri aliyekuwa mtumwa zamani, aliyekabidhiwa uongozi wake miezi michache kabla, kuikopesha dola 10,000 za mfukoni mwake. Huwezi kuzisoma akiba zile ndogo ndogo za wafuaji, wachukuzi na askari wa zamani bila kuona hasira.

Kisha kuna daftari za mauaji na dhuluma. Hapa natoa tahadhari ya kweli: zina lugha ya matusi ya wakati ule na maelezo ya ukatili yasiyofunikwa, na sishauri mtoto aachiwe peke yake nazo. Maofisa wa Texas walijaribu kuandika sababu ya kila mauaji, na mojawapo ya sababu zilizoandikwa ni kwamba aliyeuawa hakuvua kofia. Kutoka Memphis, ambako watu weusi 46 waliuawa katika siku tatu za mwezi Mei 1866 na makanisa na shule zao kuchomwa moto, kuna uchunguzi wa Idara uliokwenda sambamba na ule wa kamati ya Bunge, ambako wanawake watano, akiwemo Frances Thompson, walisimama na kueleza hadharani walivyobakwa. Katika jimbo la Georgia peke yake maofisa waliripoti kesi 336 za mauaji au mashambulizi ya kukusudia kuua dhidi ya watu walioachwa huru kati ya tarehe 1 Januari na 15 Novemba 1868.

Namba hiyo ya Georgia haieleweki bila kalenda ya siasa kando yake. Mwaka huo watu weusi walipiga kura na kuwachagua wenzao katika bunge la jimbo. Mwezi Septemba wabunge wazungu waliwafukuza kwa hoja kwamba haki ya kupiga kura haimpi mtu haki ya kushika madaraka. Siku chache baadaye, tarehe 19 Septemba, mmoja wa waliofukuzwa, Philip Joiner, akawaongoza mamia ya watu kutoka Albany kwenda Camilla, umbali wa maili 25, kuhudhuria mkutano wa kampeni wa chama cha Republican. Walipoingia mjini walimiminiwa risasi, wakafukuzwa hadi msituni, na watu tisa au zaidi wakafa. Manusura walirudi Albany wakatoa hati za kiapo kwa ofisa wa Idara. Ukitafuta jina la Camilla ukasoma hati hizo kwa mfululizo, utaelewa jinsi mapambano ya kura yalivyokuwa mapambano ya mwili, na kwa nini miaka mitatu baada ya utumwa kufutwa mtu alihitaji ujasiri wa askari ili ahudhurie mkutano wa hadhara.

Huduma hii ina mipaka, na mingi inatokana na karatasi zenyewe. Idara haikuwahi kuwa na maofisa zaidi ya 900 kwa wakati mmoja katika Kusini nzima, kwa hiyo kuna kaunti zilizojaa maandishi na nyingine zilizo kimya, na ukimya huo hauna maana kwamba palikuwa na amani. Maneno ya walalamikaji mara nyingi yamepita kwenye kalamu ya ofisa, ambaye baadhi ya nyakati alikuwa rafiki wa wenye mashamba na alifupisha alichoambiwa kwa namna iliyomfaa yeye. Majina yaliandikwa kama yalivyosikika, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu, na faharasa, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea waliokuwa wakikisia mwandiko uliofifia, haiwezi kuwa bora kuliko karatasi. Jaribu tahajia mbalimbali, na ukikwama tafuta kwa jina la ukoo la bwana wa zamani au la mwajiri, maana hilo aghalabu liliandikwa vizuri. Yote yako kwa Kiingereza cha karne ya 19, kwa herufi za kuunganisha, na asiyezoea atahitaji subira kabla jicho halijazoea. Simu inatosha kwa kutafuta, lakini kwa kusoma picha za nyaraka tafuta kompyuta yenye skrini pana.

Mwalimu wa historia, mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari na mpenzi wa historia kwa jumla, wote watapata hapa kitu cha kufanyia kazi. Nisingemshauri mtu aingie bila mpango, kwa sababu wingi wa nyaraka unakatisha tamaa. Chagua jimbo moja na mwaka mmoja, soma kwanza barua zilizochapwa za eneo hilo, kisha nenda kwenye malalamiko, kisha mikataba. Georgia ya 1868 ni chaguo jema, na Carolina ya Kusini ya 1865 pia.

Nyaraka zinapungua sana baada ya mwisho wa 1868, Idara ilipofunga kazi zake nyingi. Shughuli za shule ziliendelea hadi 1870, na mwaka 1872 ilivunjwa kabisa. Mapambano hayakuishia hapo, kwa hiyo msomaji anayetaka kuendelea ahamie kwenye ushahidi uliotolewa mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu lililowashambulia watu weusi, uliochapishwa mwaka 1872 katika juzuu 13 na unaopatikana bure mtandaoni. Humo atamkuta Abram Colby, mbunge mweusi wa Georgia, akieleza jinsi alivyotolewa kitandani mwezi Oktoba 1869, akachapwa kwa saa nyingi msituni, na alipoulizwa kama atakipigia tena kura chama chake akajibu kwamba kama uchaguzi ungekuwa kesho, angekipigia. Na anayekijua Kiingereza vizuri, baada ya kusoma, anaweza kuwa sehemu ya huduma yenyewe: kituo cha unakili cha Smithsonian kinampokea mtu kutoka nchi yoyote, kinampa ukurasa wa kuunakili, na kila ukurasa hukaguliwa na mtu mwingine kabla ya kuwekwa kwenye mkusanyo.